Je, tairi moja la umeme linapunguza mwili?

Jumapili moja asubuhi nilimwomba shemeji yangu aimbe. Alikuwa juu ya tairi lake la umeme, anauzunguka uwanja wa shule ulio nyuma ya nyumba yao Upanga, Dar es Salaam, na saa yake ya mkononi ilikuwa imeshamwandikia kwamba amechoma kalori 410. Nikamwambia, "Shem, niimbie kaswida yoyote unayoipenda, ila usishuke." Akaimba beti mbili nzima, sauti imetulia, na kila mwisho wa mstari alikuwa bado ana pumzi ya akiba. Nikapata jibu la swali ambalo dada yangu alikuwa ananiuliza kwa miezi mitatu: hicho chombo kinampunguza mwili mume wake au la?

Kuimba ni kipimo tunachokitumia sana sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na hakina gharama. Ukiwa kwenye mazoezi ukaweza kuongea na kuimba pia, kazi unayofanya ni nyepesi. Ukiweza kuongea lakini wimbo unakukatikia, uko kwenye mazoezi ya wastani, na hapo ndipo moyo unapoanza kufaidika. Ukibaki na maneno mawili matatu kisha unahema, hiyo ni kazi nzito. Beti mbili za kaswida bila kukata pumzi maana yake mwili wake ulikuwa karibu umepumzika, hata kama saa ilisema vingine.

Kwa ambaye hajakiona chombo chenyewe: ni gurudumu moja ndani ya boksi, pedeli mbili pembeni za kusimamia, hakuna kiti wala usukani. Shane Chen, mvumbuzi wa jimbo la Washington huko Marekani, alitoa la kwake liitwalo Solowheel mwaka 2011, na leo mengi yanatengenezwa China, hasa upande wa Shenzhen. Shemeji hufuata mizigo Guangzhou, na la kwake lilikuja ndani ya kontena pamoja na vyombo vya jikoni, kwa sababu betri kubwa kiasi kile haipandi ndege ya abiria.

Sasa, ili kujua linachoufanyia mwili, angalia nani anafanya kazi gani. Ndani mna vihisi vinavyosoma mlalo wa chombo mara nyingi kwa kila sekunde. Ukiinama mbele kidogo, unaanza kuanguka, na mota iliyo katikati ya gurudumu inalisukuma gurudumu likuwahi chini ya miguu. Ndivyo unavyokwenda mbele. Ukiegemea nyuma, linapunguza mwendo. Kwa hiyo nguvu zote za kusogea zinatoka kwenye betri, na hata usawa wa mbele na nyuma unalindwa na mashine. Kinachobaki kwako ni usawa wa kulia na kushoto, kama kwenye baiskeli, pamoja na kusimama na kulainisha mashimo kwa magoti. Si kazi ya bure, lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa mtu aliyesimama kando ya barabara akishangaa.

Nilijifunza mwenyewe, maana siwezi kumshauri mtu juu ya kitu ambacho mwili wangu haukijui. Nilishika wavu wa fensi ya uwanja kwa mkono wa kulia, nikaweka mguu mmoja juu ya pedeli, kisha wa pili. Dakika 20 za kwanza mtandio ulilowa chapa. Vigimbi vilitetemeka, na nyayo zikafa ganzi kwa sababu vidole vilikuwa vinang'ang'ania ndani ya viatu kama vinashika tawi. Boksi lilinigonga upande wa ndani wa ugoko mara nyingi hadi pakawa peusi. Kesho yake nilishindwa kushuka ngazi vizuri: misuli ya ndani ya mapaja, ambayo kutwa hatuikumbuki, ilikuwa imebana lile boksi kwa nguvu zake zote. Siku ile mtu angeniuliza kama hayo ni mazoezi, ningemjibu ndiyo bila kusita.

Wiki ya tatu nikaendesha nusu saa nzima, mtandio mkavu.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwili ukiwa mgeni wa jambo, ubongo huamuru misuli ikaze yote kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma, ili kiungo kisiyumbe. Mtazame mtoto wa kike anayejifunza kubeba ndoo kichwani: shingo imekakamaa, mikono yote miwili juu, maji yanamwagika mabegani, na akifika nyumbani kachoka kama aliyetoka kulima. Mwezi ukipita anatembea na ndoo ileile, mikono imeachiwa, anapiga soga na mwenzake. Maji ni yale yale na njia ni ile ile, ila mwili umejifunza kuacha matumizi yasiyo ya lazima. Tairi nalo liko hivyo. Jasho la mwanzo ni la ugeni, na kadiri unavyolimudu ndivyo linavyokuachia mafuta yako. Kwenye kukimbia au kupanda ngazi hali ni tofauti, kwa sababu hata ukiwa bingwa bado uzito wako unaubeba mwenyewe hatua kwa hatua.

Na ile saa? Ilionyesha mapigo 128 kwa dakika siku za mwanzo. Shemeji ana miaka 46. Kwa hesabu ya kawaida ya 220 kutoa umri, kilele chake ni kama 174, kwa hiyo 128 ni karibu asilimia 74. Kwa saa, huyo yuko mazoezini. Lakini moyo hauendi mbio kwa sababu ya kazi peke yake. Hofu ya kuanguka inaupandisha, joto la Dar linaupandisha, na kukaza misuli huku umebana pumzi kunaupandisha pia. Mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama penalti za Simba na Yanga moyo wake unadunda hivyo hivyo, na hakuna aliyepungua kitambi kwa penalti. Saa hukisia kalori kwa kufuata mapigo, ikidhani misuli mikubwa ya miguu ndiyo inayodai hewa. Kwenye tairi dhana hiyo haishiki. Sikatai saa, ila kwa chombo hiki naamini zaidi pumzi.

Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko wimbo. Kabla ya tairi, shemeji alikuwa anakwenda dukani kwake Kariakoo kwa miguu kila asubuhi, kama kilomita 2.5, na jioni anarudi na bodaboda. Alipopata tairi, akalipanda kwenda na kurudi. Moyoni alijua kwamba ameongeza mazoezi.

Chukua mtu wa kilo 80. Kazini tunatumia kipimo cha MET: 1 ni mwili uliotulia, na kwa hesabu ya mkato ni kilokalori 1 (ile ambayo saa ya mkononi huiita kalori tu) kwa kila kilo ya mwili kwa saa moja. Kutembea mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni kama 3.5. Nusu saa ya njia hiyo, basi, ni 3.5 mara 80 mara nusu: kilokalori 140. Tairi kwenye lami laini, kwa aliyekwishazoea, mimi nalikadiria 2.5, na hapo nimelionea huruma. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, njia ileile inaisha kwa dakika 7 na nusu: kilokalori 25. Dakika 22 na nusu alizookoa anazitumia akiwa amekaa dukani, tuseme kwa 1.3, hizo ni kama 39. Jumla 64. Kila asubuhi, basi, amepoteza matumizi ya kilokalori 76 aliyokuwa nayo bila kujisifu. Kwa siku 300 za duka ni 22,800. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama 7,700. Kwenye karatasi, hiyo ni karibu kilo 3 kwa mwaka, na zinakuja upande usiotakiwa. Mwili haufuati karatasi kwa ukamilifu, hulipa huku na kukata kule, lakini mwelekeo ni huo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama tairi linapunguza mwili, nami humuuliza kwanza: limechukua nafasi ya nini? Kama limechukua nafasi ya gari au bodaboda, umepata kidogo, kwa sababu kusimama na kujiweka sawa kunazidi kukaa. Kama limechukua nafasi ya miguu yako, umepata hasara. Na anayetaka chombo cha umeme kwa ajili ya mwili hasa, namwelekeza kwenye baiskeli ya umeme ile inayosaidia tu pale unapokanyaga. Ile bado inadai miguu ifanye kazi, na anayepanda nayo mlima akiimba, wimbo unamkatikia.

Kuna namna ya kulifanya tairi liwe zoezi la kweli. Lipeleke nje ya lami, kwenye ardhi ya mabonde na kokoto, uendeshe magoti yakiwa yamekunjwa nusu kuchuchumaa, ukipanda na kushuka. Nilipomfanyisha shemeji hivyo kwa dakika 15, kaswida iliishia katikati ya ubeti wa kwanza. Dakika za namna hiyo nakubali azihesabu kwenye zile 150 hadi 300 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja katika mwongozo wake wa 2020. Za lami laini sizihesabu. Na katika yote anayoyafanya na chombo hicho, lililo zito kuliko mengine ni kulipandisha nyumbani. Anakaa ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu mwaka jana, na tairi lina kilo 20. Kulibeba ngazi zote hizo, akibadilisha mkono kila ghorofa, ndiko kunakomfanya asimame mlangoni akihema bila kuweza kuniambia "karibu". Nilimwambia hapo asitafute kijana wa kumsaidia.

Sikumkataza tairi. Analipenda, na mtu wa miaka 46 aliyepata kitu cha kumtoa nyumbani Jumapili asubuhi sitamnyang'anya. Tukakubaliana hivi: asubuhi yeye alitembeze, jioni lenyewe limtembeze. Tairi lina mkono wa kuvuta kama wa begi la safari, kwa hiyo anakwenda Kariakoo kwa miguu akilivuta, na jioni analipanda badala ya bodaboda. Siku 2 za wiki anafanya mazoezi ya nguvu nyumbani, kuchuchumaa na kusukuma ukuta, na baadaye sakafu. Na tuliondoa soda 2 alizokuwa anakunywa dukani kila siku. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, karibu kilokalori 127. Mbili ni 250 na ushei, zaidi ya mara tatu ya lile pengo la asubuhi. Nalisema hili wazi kwa sababu watu hununua chombo cha mamilioni ilhali mlango wa kitambi uko mezani, kwenye chupa.

Wapo ambao nawaomba wasilipande kabisa. Mwenye sukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi hawezi kujua mguu wake umekaa wapi juu ya pedeli, na kidonda kidogo cha ugokoni kwake kinaweza kugeuka balaa. Mama mjamzito naye asubiri. Mwenye presha isiyotulia aanze kwa kutembea, na akija kulipanda ajifunze kuachia pumzi, kwa sababu kukaza misuli huku umebana pumzi kunaipandisha presha ghafla. Mwenye uzito mkubwa asome kwanza maandishi: mengi yameandikiwa kubeba kilo 100 hadi 120, na mota ikizidiwa haikupunguzii mwendo taratibu, inakuacha, nawe unaanguka kifudifudi. Kwa kuwa hakuna usukani, mikono ndiyo inayotangulia chini. Nimeshafunga plasta viganja vya kutosha vya walioanguka na bodaboda. Vikinga vya viganja na kofia ngumu ni vya kununua siku ileile unayonunua tairi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho tairi lilikifanya, na sikukitegemea. Kabla hajaanza nilimpima kusimama kwa mguu mmoja, kwa sababu goti lake la kushoto aliliumiza zamani kwenye mpira. Mguu wa kulia alikaa vizuri. Wa kushoto, sekunde 9, kisha akashika meza. Misuli midogo ya kifundo cha mguu ilikuwa imelala kwa miaka, na kutembea kwenye lami hakukuiamsha. Tairi halikubali mguu mmoja ulale: ukiuachia upande mmoja, linakupeleka huko huko. Baada ya wiki 10 za mpango wetu uzito ulikuwa umeshuka kilo 3 na kiuno sentimita 5, na hiyo ni kazi ya kuacha soda na kutembea kwa miguu. Mguu wa kushoto ulifika sekunde 34. Hiyo ni kazi ya tairi.

Juzi dada alinipigia simu usiku kuniambia mume wake siku hizi anavaa soksi amesimama, katikati ya chumba, haegemei kabati.