Kocha wa Kigeni wa Timu ya Taifa: Yanayoaminika Mtaani na Ukweli Wake

Harambee Stars, timu ya taifa ya soka ya Kenya, wakifungwa, ubishi wa Kibuye kule Kisumu huwa ndio ubishi wa Kakamega na ndio wa Nakuru. Kundi moja linataka kocha atoke nje. Lingine linataka huyo wa nje apigwe kalamu, nafasi apewe mwana wa nyumbani. Pande zote mbili zimeshikilia mambo ambayo hayalingani na jinsi kazi hii inavyofanyika, na imani hizo zimeigharimu Kenya pesa nyingi na miaka mingi. Kombe la Afrika la 2027 tunaliandaa sisi pamoja na Uganda na Tanzania, kwa hiyo ni vyema tuyapime mapema.

Dhana: Bila kocha wa nje Kenya haifuzu

Tazama mara mbili za mwisho Kenya ilipofuzu kwa kucheza. Mwaka 2004, kule Tunisia, kocha alikuwa Jacob "Ghost" Mulee, Mkenya. Mwaka 2019, kule Misri, alikuwa Sébastien Migné, Mfaransa. Mulee aliifunga Burkina Faso 3-0, akapoteza dhidi ya Mali na Senegal. Migné aliifunga Tanzania 3-2, akapoteza dhidi ya Algeria na Senegal. Hata kipigo cha Senegal kilikuwa kile kile, 3-0 mara zote mbili. Ukiyaweka matokeo hayo kwenye mizani, hutaona uzito wa pasipoti.

Nafasi ya juu kabisa ambayo Kenya imewahi kushika kwenye orodha ya FIFA ni ya 68, Desemba 2008, na kocha wakati huo alikuwa Francis Kimanzi. Miezi michache baadaye Kimanzi hakuwepo tena. Aliletwa Mjerumani Antoine Hey, na Kenya ikamaliza mkiani katika kundi la kufuzu Kombe la Dunia la 2010, nyuma ya Nigeria, Tunisia na Msumbiji, ikiwa na pointi 3. Hatusemi Hey hakujua mpira. Alipokezwa timu iliyokuwa ikipanda, katikati ya michuano, bila muda wa kuifahamu.

Dhana: Wenyeji wamekwisha thibitisha kwamba wageni hawana kazi Afrika

Hii ni dhana ya upande wa pili, nayo ina ushahidi unaovutia. Timu zote 5 za Afrika kwenye Kombe la Dunia la 2022 ziliongozwa na makocha wa nchi zao, na Morocco ya Walid Regragui ikafika nusu fainali. Kombe la Afrika la 2019 lilichukuliwa na Djamel Belmadi wa Algeria, la 2021 na Aliou Cissé wa Senegal, la 2023 na Emerse Faé wa Ivory Coast. Tena hakuna nchi iliyotwaa Kombe la Dunia hadi mashindano hayo ya 2022 ikiwa na kocha mgeni.

Lakini Hervé Renard, Mfaransa, alilitwaa Kombe la Afrika na Zambia mwaka 2012, kisha na Ivory Coast mwaka 2015. Mbelgiji Hugo Broos alilitwaa na Kamerun mwaka 2017. Uganda walirudi kwenye mashindano hayo mwaka huo huo wa 2017, baada ya kukosa tangu 1978, wakiwa na Milutin Sredojević, yule Micho, kutoka Serbia.

Kuna jambo ambalo washabiki huliruka. Regragui, Belmadi na Faé walizaliwa Ufaransa, na Cissé alikulia huko. Ni wazawa kwa uraia na kwa moyo, ila mpira wao waliusomea kwenye mfumo wa Ulaya. Anayesema "tumpe mzawa kama Senegal" anapaswa kuuliza pia Senegal walimpa mzawa wao nini. Cissé alipewa timu mwaka 2015, akapoteza fainali ya 2019 mbele ya Algeria, na hakufutwa. Kombe la 2021, lililochezwa kwa kuchelewa, lilikuja Februari 2022, mwaka wake wa saba. Hakuna kocha wa Harambee Stars, mgeni wala mwenyeji, aliyewahi kuvumiliwa hivyo katika miaka hii.

Dhana: Atakuja kuwafundisha vijana wetu mpira

Huu ndio upotofu mkubwa kuliko yote, na tunaomba usomwe polepole.

Kocha wa taifa hana wachezaji, huwaazima. Kipindi cha mechi za kimataifa cha FIFA huanza Jumatatu na kuisha Jumanne ya wiki inayofuata, siku 9, mechi 2. Mchezaji aliyecheza Ulaya Jumapili husafiri Jumatatu na kufika kambini Jumanne akiwa amechoka; siku hiyo ananyoosha misuli tu. Jumatano ni mazoezi kamili. Alhamisi ni mazoezi mepesi ya kupanga kona, frikiki na nani amkabe nani. Ijumaa ni mechi. Jumamosi ni kupumzisha miguu, au kusafiri. Jumapili na Jumatatu unarekebisha kidogo, Jumanne unacheza tena, na usiku huo wachezaji wanarudi kwa waajiri wao. Hesabu vipindi vyote vya mwaka: mazoezi ya maana na kikosi kamili hayazidi 20. Kocha wa Gor Mahia au wa Kakamega Homeboyz anayapata hayo kwa mwezi mmoja. Kuanzia 2026 kalenda imeunganisha Septemba na Oktoba kuwa kipindi kimoja cha mechi 4. Hilo linasaidia kidogo.

Katika muda huo mdogo, kocha hawezi kumfundisha beki wa miaka 26 jinsi ya kupokea mpira akiwa ameukabili uwanja. Hilo hufunzwa kijana akiwa na miaka 10 hadi 15, na baadaye kwenye shule kama Kakamega, Musingu na St. Anthony's Kitale. Kazi halisi ya kocha wa taifa ni kuchagua, kupanga mfumo mmoja au miwili ambayo wachezaji wanaweza kuushika kwa siku 3, kuwasoma wapinzani, na kuzungumza na klabu.

Mengi huharibika kabla hata hajapuliza filimbi. Barua ya wito lazima imfikie mchezaji na klabu yake angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya kipindi. Ikichelewa, klabu ina haki ya kukataa, na kocha hupata habari wakati orodha imeshatangazwa. Tiketi zikinunuliwa dakika za mwisho, mchezaji hupitia viwanja vya ndege vitatu na kufika Jumatano; kikao kizima kimepotea. Halafu uwanja: mwaka 2024 Kenya ilichezea mechi zake za "nyumbani" Lilongwe na Kampala kwa kukosa uwanja uliokubaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Kocha gani, wa rangi gani, angeyarekebisha hayo kwa maneno kwenye chumba cha kubadilishia nguo?

Dhana: Akiwa na jina kubwa, heshima itakuja yenyewe

Henri Michel aliipa Ufaransa nafasi ya tatu kwenye Kombe la Dunia la 1986 na akaiongoza Ivory Coast kwenye lile la 2006. Kenya alikaa miezi michache tu mwaka 2012. Bernard Lama, kipa aliyekuwa kwenye kikosi cha Ufaransa kilichotwaa dunia mwaka 1998, naye hakukaa mwaka 2006. Swali linalofaa si alichezea wapi. Ni hili: amewahi kufanya kazi na shirikisho lisilo na pesa, kwenye kufuzu kwa Afrika, na alikaa muda gani?

Dhana: Mkataba ni karatasi, asiposhinda, atimuliwe

Adel Amrouche alikuja 2013, akatwaa Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mwaka huo huo, kisha akafutwa Agosti 2014 baada ya Lesotho kutuondoa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Alikwenda FIFA akadai pesa za muda uliobaki kwenye mkataba wake. Deni lilifika karibu dola milioni moja, zaidi ya shilingi milioni 100, na mwaka 2020 Kenya ilikuwa ukingoni mwa kuondolewa kwenye michuano ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022 kwa sababu yake. Pesa hizo zingeendesha ligi za vijana kutoka Busia hadi Naivasha kwa miaka.

Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni maalum za ajira ya makocha, na kila mjumbe wa tawi la shirikisho anapaswa kuzijua. Mkataba uwe wa maandishi, utaje kazi, mshahara, muda, na uwe na sahihi za pande zote. Uhalali wake hauwezi kutegemea kibali cha kazi wala leseni fulani ya ukocha. Maana yake ni kwamba ukitia sahihi kabla ya kukagua vyeti vyake na kabla ya kujua kama Uhamiaji watakubali, huna pa kutokea. Mambo hayo huchunguzwa kabla ya sahihi.

Mishahara ya miezi miwili ikilala, kocha anaruhusiwa kutoa notisi ya siku 15, na asipolipwa aondoke kwa haki huku akidai kilichobaki chote. Hukumu ikitoka na shirikisho lisilipe ndani ya siku 45, FIFA inaweza kuzuia sehemu ya fedha za maendeleo. Rufaa kwenye mahakama ya michezo ya CAS, Lausanne, ina dirisha la siku 21 tu.

Namna ya kujikinga ipo. Kwanza, muda wa mkataba ufuate mashindano: kwa mfano uishe mwisho wa michuano ya kufuzu, na urefuke wenyewe timu ikifuzu. Pili, fidia ya kuvunja mkataba iandikwe kwa tarakimu, mishahara ya miezi 3 au 4, na iwe ya pande zote mbili. Tatu, lengo liwe linalopimika: pointi kadhaa baada ya mechi kadhaa. Kifungu kinachomwachia mwajiri peke yake kuamua kwamba "matokeo ni mabaya" mara nyingi hutupwa na majaji. Nne, barua ya kumwachisha kazi isitolewe na mtu aliyekasirika usiku wa mechi. Ipitie kwa wakili na itaje kifungu.

Dhana: Serikali ndiyo inayolipa, basi imchague

FIFA haikubali mtu wa nje ya shirikisho aendeshe mambo yake. Kenya ilifungiwa mwaka 2004, na tena kuanzia Februari hadi Novemba 2022, kwa sababu ya serikali kuingilia. Serikali inaweza kutoa pesa, lakini aliyetia sahihi ndiye anayedaiwa. Wizara ikichelewesha fedha, kesi itafunguliwa dhidi ya shirikisho. Kwa hiyo ahadi ya wizara iwe kwenye barua yenye kiasi na tarehe kabla kocha hajapanda ndege.

Dhana: Gharama ni mshahara

Makocha wengi wa nje hujadiliana kuhusu pesa inayofika mkononi. Tuseme mmekubaliana dola 10,000 kwa mwezi baada ya kodi. Kodi ya mapato ya Kenya hufika asilimia 35 kwa sehemu inayozidi shilingi 800,000, kisha kuna bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Ili 10,000 zibaki, mwajiri hulipa zaidi ya 15,000. Neno moja lililosahaulika, kama mshahara ni kabla au baada ya kodi, huongeza mzigo kwa nusu.

Ongeza nyumba, gari, tiketi za familia, karo ya watoto, bima, na benchi lake: msaidizi, kocha wa makipa, wa viungo na mchambuzi wa video. Kila mmoja ana mkataba wake, na bosi akiondoka, yao haifi papo hapo isipokuwa mmeandika hivyo.

Dhana: Wasaidizi Wakenya watajifunza kwa kukaa naye

Hawajifunzi. Mara nyingi msaidizi mwenyeji hupewa kupanga koni na kutafsiri, na hakaribishwi kwenye kikao cha kuchagua kikosi. Idara ya Uhamiaji humtaka mwajiri wa mgeni aonyeshe kuna Mkenya anayeandaliwa kushika kazi hiyo. Kwenye mpira sharti hili limeachwa kuwa jina kwenye fomu. Lipewe uzito. Msaidizi awe na mkataba wa muda ule ule, aongoze uchambuzi wa mpinzani angalau katika mechi moja ya kila kipindi, na ahudhurie kila kikao cha uteuzi. Watanzania wamefanya jambo la kuigwa: Amrouche aliyewafikisha Kombe la Afrika la 2023 alipofungiwa, timu ilichukuliwa na Hemed Suleiman, na akawafikisha lile la 2025.

Kuna na mafaili. Video zilizokatwa, takwimu za mbio za kila mchezaji, ripoti za wachezaji wa Kenya walioko ughaibuni na namba za mawakala huondoka kwenye kompyuta ya mchambuzi siku kocha anapoondoka, na anayefuata huanza na ukurasa mtupu. Mkataba useme wazi kwamba kazi hizo zote ni mali ya shirikisho, zinakabidhiwa nakala siku 7 baada ya kila kipindi cha mechi, na malipo ya mwezi wa mwisho hayatoki kabla ya makabidhiano kutiwa sahihi.