Kicheko, Dhambi na Meza ya Karamu

Nimeandikiwa tena, na safari hii na mtu mwenye shahada ya teolojia, kwamba Mkristo wa kweli hapaswi kuchangamka sana, kwa kuwa Injili zinamwonyesha Yesu akilia lakini hazimwonyeshi akicheka hata mara moja. Hoja hii si ngeni, maana Yohane Krisostomo, mhubiri maarufu wa Kanisa la kale, aliitumia katika mahubiri yake juu ya Injili ya Mathayo, mwishoni mwa karne ya 4, lakini ukale wake hauiongezei uzito. Injili hazisemi pia kwamba Yesu alikohoa. Zinasema, hata hivyo, kwamba wapinzani wake walimwita mlafi na mlevi (Mathayo 11:19), shutuma ambayo ni vigumu kumbandika mtu aliyezoea kununa karamuni.

Kuhusu watawa nitasema kwa kifupi: Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa kale wa maisha ya kitawa, haipendi kicheko kingi cha kelele, lakini sura yake ya 49 inamtaka mtawa aingojee Pasaka kwa furaha.

Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anastahili nafasi zaidi. Katika swali la 168 la Sehemu ya Pili ya Pili ya Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, anasimulia kwamba watu walichukizwa walipomkuta Mwinjili Yohane akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma, na yule akajibu kwamba upinde ungevunjika; ndivyo ilivyo na akili isiyopumzishwa. Tomaso anahitimisha kuwa kuna fadhila katika mchezo, na kwamba asiyechangamka kabisa, tena akawazuia na wenzake, anatenda kinyume cha akili. Anaongeza kwamba upungufu huo ni kosa dogo kuliko kupindukia, jambo ambalo mashabiki wa ucheshi hulipita kimyakimya.

Hata hivyo nina mashaka, ambayo vitabu vya kufundishia huyafunika. Hoja hiyo ya kadiri, yaani kwamba fadhila iko katikati ya upungufu na kupindukia, Tomaso ameitoa kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nami sioni namna inavyopatana kwa urahisi na ile ole ya Luka 6:25 kwa wanaocheka sasa, ambayo haizungumzii kadiri hata kidogo. Tena, furaha ikiwa pumziko tu, itabaki kuwa kijakazi wa kazi, ilhali aya chache kabla ya ole hiyo kicheko kinaahidiwa kuwa thawabu ya waliao.

Kinachoniudhi hasa ni desturi ya kuihukumu furaha kwa kelele zake. Msome Luka mwenyewe. Tajiri mpumbavu wa sura ya 12 anajiambia ale, anywe na afurahi, naye anazungumza na nafsi yake tu, bila mgeni hata mmoja. Tajiri wa sura ya 16 anakula kwa anasa kila siku, na Lazaro yuko mlangoni akitamani makombo. Katikati yao, katika sura ya 15, baba anachinja ndama aliyenona, na nyimbo na machezo vinasikika hadi nje, wala halaumiwi. Kama kosa lingekuwa ni shangwe, huyu wa tatu angekuwa wa kwanza kuhukumiwa. Kipimo ni nani amekaribishwa mezani na nani ameachwa nje. Ndivyo ilivyo pia katika Nehemia 8:10, ambapo watu wanaambiwa wale vinono na kunywa vitamu, kisha wawapelekee sehemu wasioandaliwa kitu, na katika Kumbukumbu la Torati 14, ambapo fedha ya zaka inaruhusiwa kununua hata kileo, mradi Mlawi, asiye na urithi wa ardhi, asisahauliwe.

Kwa kipimo hicho, utani unaomfedhehesha mmoja ili wengine wacheke unaanguka, hata ukisemwa kwa sauti ya chini na lugha safi, na shangwe ya usiku kucha iliyowaita hata wasio na cha kuchangia inasimama. Ulevi ni kesi nyingine, na Waefeso 5:18 imekwisha kuuamua. Nalisema hilo mapema ili nisiandikiwe tena kesho.