Motisha ya kujifunza Kiingereza ni nini?

Walimu wengi wa sekondari za kata mkoani Dodoma, Bahi au Chamwino, husema wanafunzi wao hawana motisha ya Kiingereza. Wanachokiona ni mikono isiyonyooshwa na madaftari yaliyojaa maneno ya ubaoni yasiyoeleweka. Hizo ni dalili tu. Motisha yenyewe ni msukumo unaomfanya mtu aanze jambo, alikazanie, na asiliache linapokuwa gumu.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Jacquelynne Eccles na wenzake, wakichunguza kwa nini wanafunzi wengine hukwepa hisabati, walieleza kwamba msukumo huo hutegemea mambo mawili. La kwanza ni thamani: somo hili lina faida gani kwangu, na litanigharimu nini? La pili ni tarajio: nikijitahidi, nitaweza? Mtu anaweza kulitamani jambo sana na bado asiliguse, kwa sababu haamini kwamba ataliweza.

Dodoma, thamani ya Kiingereza kila mtoto anaijua. Amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, nyumbani pengine wanaongea Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Anafika kidato cha kwanza anakuta biolojia, hisabati na jiografia zote ziko kwa Kiingereza. Upimaji wa kidato cha pili, kisha mtihani wa kidato cha nne, vinamsubiri kwa lugha hiyohiyo, na wanaoendelea kidato cha tano ni wachache kuliko wanaoachwa. Anawaona pia vijana wakienda na bahasha za vyeti kwenye usaili wa ajira za serikali. Mtoto huyu hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa Kiingereza.

Kinachokufa ni tarajio, na hapa ndipo tunapowaonea watoto. Anasoma ukurasa wa biolojia, haelewi sentensi ya kwanza wala ya pili, basi anaukariri ulivyo. Mtihani ukigeuza swali kidogo, anaanguka. Matokeo yanabandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mwisho. Walio juu wanapata moyo, na aliyeko mkiani muhula baada ya muhula anahitimisha kwamba juhudi zake hazibadilishi kitu. Tunamwita mvivu. Akiadhibiwa tena kwa kuongea Kiswahili, gharama inapanda na mdomo unafungwa kabisa.

Ushindani huu wa alama unafanya jambo jingine: msukumo hufuata kinachotolewa alama. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika, hauna sehemu ya kuzungumza, kwa hiyo hata anayefaulu vizuri anaweza kushindwa kujieleza mbele ya watu.

Tarajio hujengwa kwa ushindi mdogo ambao mwanafunzi anauona kwa macho yake. Kitabu chepesi cha kurasa chache anachokimaliza mwenyewe kinamfaa kuliko riwaya ya mtaala anayosimuliwa. Aya moja kuhusu mavuno ya zabibu za kwao, aiandike leo, aiandike upya baada ya mwezi, kisha mwalimu aziweke mbili pamoja mbele yake. Dhana ngumu aielewe kwanza kwa Kiswahili, ndipo aitafutie Kiingereza chake. Na alama zake zilinganishwe na za kwake za muhula uliopita, kabla hazijalinganishwa na za mwingine yeyote.