Kaya inaweza kukaa ndani siku ngapi? Hesabu ya afya na riziki wakati wa korona

Swali ninaloulizwa mara nyingi, na wanafunzi na hata na wawakilishi wa wadi, ni hili: wakati wa korona serikali ilipaswa kuokoa afya ya watu au uchumi? Kazi yangu ni uchumi wa afya, naifanyia hapa Mombasa, na kabla sijajibu huwa namrudishia aliyeuliza swali lingine. Uchumi wa nani?

Mwaka 2020 pato la taifa la Kenya lilipungua kwa asilimia 0.3 tu. Ukiisoma takwimu hiyo peke yake utadhani tulipita salama. Mashamba yalipata mvua, chai ikavunwa kwa wingi, na kilimo kikaubeba wastani wa nchi nzima. Lakini mwaka huohuo biashara ya hoteli na mikahawa ilianguka kwa karibu nusu, na Shirika la Takwimu la Kitaifa likahesabu ajira zaidi ya 700,000 zilizopotea. Kwa mpishi wa hoteli ya Diani aliyerudishwa nyumbani bila mshahara, ile asilimia 0.3 haina maana yoyote. Wastani wa taifa hauli chakula cha jioni. Wanaokula ni watu, na mimi naona hesabu yote ya janga lazima ianzie mezani kwao.

Ndiyo maana kipimo ninachokitumia kwanza ni kimoja: kaya hii inaweza kukaa ndani siku ngapi bila mtu yeyote kutoka kutafuta? Mwalimu aliyeajiriwa na serikali anaweza kukaa mwezi na zaidi, maana mshahara unaingia hata shule zikifungwa, kama zilivyofungwa katikati ya Machi 2020. Mfanyakazi wa hoteli mwenye akiba kidogo atafika wiki mbili au tatu, akiuza televisheni labda atazidisha. Kibarua wa mjengo, mpiga debe wa matatu, dobi, mama mboga: siku moja, mbili kwa shida.

Nimtaje mama mboga kwa kirefu, kwa sababu watunga sera wengi humpita barabarani kila jioni bila kujua biashara yake inavyokwenda. Anatoka Kisauni kabla ya adhana ya alfajiri kwenda soko la Kongowea, kwa kuwa bei nzuri hupatikana malori yanaposhusha, na kukikucha nyanya nzuri zishachukuliwa. Tuseme ana mtaji wa shilingi 1,500. Ananunua nyanya, vitunguu, sukumawiki na hoho, anapanga mafungu, na anauza kidogokidogo mchana kutwa. Mauzo yenyewe hasa yako jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, watu wakirudi kutoka kazini. Akiwa na siku njema ameshika shilingi 2,000: 1,500 ni za kesho, 500 ni za unga, mafuta, maji ya mtungi na nauli ya mtoto. Hana mfuko wa tatu. Siku akikaa nyumbani, zile 500 hazipo, kwa hiyo anakula kwenye 1,500. Baada ya siku tatu si kwamba ana njaa tu, hana tena biashara. Zuio likiondolewa atahitaji kuanza na mkopo, kwenye chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kama wenzake bado wanazo pesa, au kwenye simu kwa riba. Wanaohesabu gharama za kufunga mji huishia tarehe ya kufungua. Kwake yeye ndiyo kwanza deni linaanza.

Sasa ichukue kafyu ya tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, uiweke juu ya siku yake. Imekata safari ya Kongowea na imekata soko la jioni. Imemwachia mchana, ambao ndio wakati wenye wateja wachache zaidi. Hakuna aliyekusudia kumdhuru, lakini aliyepanga zile saa hakuwa na picha ya siku yake mbele yake. Mwezi Juni saa zilipolegezwa, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, karibu kila kitu alichokipoteza kilimrudia kwa upande wa muda. Saa mbili za jioni na saa moja ya alfajiri ndizo zilizokuwa tofauti ya kula na kulala njaa. Mtu angeweza kuliona hilo tangu Machi kwa kukaa sokoni siku moja.

Upande wa afya pia, zile saa zilikuwa na kasoro. Ijumaa hiyo ya kwanza, kivuko cha Likoni, maelfu ya watu waliotoka kazini kisiwani walijikuta wakikimbilia feri zilezile kwa wakati mmoja ili wawahi kuvuka. Walisongamana, polisi wakatumia vitoa machozi na marungu, na watu waliokuwa wakikohoa na kulia machozi wakabanana zaidi. Ukitaka kuvipa virusi vya njia ya hewa nafasi ya kuenea, ni vigumu kupanga vizuri kuliko hivyo. Kanuni ninayoisisitiza kwa kila anayenisikiliza inatoka hapo: ukifupisha saa za kazi bila kupunguza idadi ya watu wanaolazimika kutoka, unawabana watu walewale ndani ya muda mfupi zaidi. Soko la wazi lenye upepo, saa nyingi na vibanda vilivyoachana ni salama kuliko soko la saa sita lenye vurugu.

Halafu ikaja Ramadhani. Mwezi huo, kuanzia mwishoni mwa Aprili, ndio wachuuzi wa chakula wa Mombasa huutegemea kwa mwaka mzima: viazi karai, kaimati, mishikaki, maji ya ukwaju. Biashara yote iko baada ya magharibi. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, na zuio likaongezwa hadi Juni, Idi ikapita ndani yake. Wagonjwa walikuwa wanaongezeka pale, na wakazi wengi walikuwa wakikwepa vipimo kwa kuogopa karantini ambayo wakati ule mtu alitakiwa kuilipia mwenyewe. Nalisema hili kwa uchungu: ukimtoza mtu pesa kwa kosa la kuwa mgonjwa, atajificha. Hapo afya na riziki hazishindani tena, zinaanguka pamoja.

Je, yote hayo yaliokoa maisha? Lazima niwe mwadilifu kwa upande huu, kwa sababu wapo wanaotumia machozi ya mama mboga kudai ugonjwa ulikuwa uzushi. Watafiti wa KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji damu kati ya Aprili na Juni 2020 wakakuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umeshakutana na virusi, kwa zaidi ya asilimia 4 yao, na Mombasa ilikaribia asilimia 8. Ukiizidisha hiyo kwa mamilioni ya watu wazima wa Kenya, unapata zaidi ya watu milioni moja walioambukizwa, wakati wagonjwa waliothibitishwa nchi nzima hawakufika 4,000. Maana yake ni kwamba virusi vilikuwa vimeenea mbali huku tukidhani vimezuiwa mpakani mwa kaunti. Hatukuona maiti nyingi kama za Italia, na sababu kubwa ni umri. Italia zaidi ya mtu mmoja katika kila watano ana miaka 65 au zaidi. Katika sensa yetu ya 2019, waliofika miaka 60 walikuwa takriban asilimia 6. Hatari ya kufa kwa korona hupanda kwa kasi sana kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo hatua ileile, kwa gharama ileile, huokoa watu wengi zaidi Milano kuliko Mombasa. Na gharama haikuwa ileile. Huku ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa kaya nyingi hazina akiba wala posho ya kukosa kazi.

Kutokana na hayo watu hurukia kusema basi tungeacha tu. Hapana. Majirani zetu Tanzania hawakufunga shughuli, na takwimu zao rasmi zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 tangu mwanzoni mwa Mei 2020, kisha kimya. Wachuuzi wa Kariakoo waliendelea kuuza, jambo ambalo silibezi hata kidogo. Lakini kuacha masoko wazi ni uamuzi mmoja na kuficha takwimu ni mwingine. Mchuuzi anayejua maambukizi yamepanda wiki hii anaweza kumwacha nyumbani mama yake mwenye kisukari, akavaa barakoa, akauza nje badala ya ndani. Asiyeambiwa kitu hana cha kuamulia. Serikali ya Samia Suluhu Hassan ilipobadili mwelekeo mwaka 2021, ikaunda kamati ya wataalamu na kuanza chanjo mwezi Julai, ilionyesha kwamba uwazi na masoko yaliyo wazi vinaweza kukaa pamoja. Kwetu wimbi la Delta, aina ya virusi vya korona, mwaka huohuo lilijaza wodi za magharibi mwa nchi na ukanda wa Ziwa, na familia zikawa zinahangaika kutafuta oksijeni. Mgonjwa mmoja wa chumba cha mahututi anaweza kuuza shamba la ukoo. Nalo hilo ni anguko la uchumi, ila haliandikwi kwenye safu ya uchumi.

Kuna na waathirika ambao hawakuandikwa kwenye safu yoyote. Uchungu wa kuzaa haujui kafyu. Usiku wenye magari ya doria na bodaboda zilizofichwa, mama wa Mathare kule Nairobi, au wa mtaa wa Bangladesh hapa Mombasa, afike vipi hospitalini? Daktari kijana wa uzazi jijini Nairobi, Jemimah Kariuki, aliona wodi yake ikiwa tupu usiku na akaelewa kwamba wajawazito hawakuacha kuzaa, wameshindwa kufika. Akaanzisha huduma ya usafiri wa bure kwa njia ya simu, Wheels for Life. Namheshimu kwa hilo, na naumia kwamba ilibidi daktari mmoja aligundue badala ya kuwa kipengele cha kwanza katika amri yenyewe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo ninapoona tulikosea zaidi. Tarehe 25 Machi 2020 serikali ilitangaza nafuu: kodi ya mshahara isamehewe kabisa kwa anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, kiwango cha juu kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ishuke kutoka asilimia 16 hadi 14. Mchukue tena mama mboga. Hana hati ya mshahara, kwa hiyo nafuu ya kwanza na ya pili zimempita. Unga wa mahindi hautozwi VAT, kwa hiyo hata ile ya tatu haikugusa chakula chake kikuu. Shilingi bilioni 10 ziliahidiwa wazee, yatima na walio hatarini, lakini yeye ana miaka 38 na nguvu zake, hayumo kwenye orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa watu hao. Kilichomfikia kweli ni kutuma pesa chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa bila ada. Yaani aliyekuwa na siku thelathini za kukaa ndani aliongezewa, aliyekuwa na siku mbili akaambiwa anawe mikono.

Wengine walijaribu. Uganda iligawa unga wa mahindi na maharage Kampala na Wakiso, Rwanda ikapeleka chakula nyumba kwa nyumba Kigali. Chakula hufika polepole na foleni zake ni hatari, ingawa ni bora kuliko ahadi. Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka hapahapa Kenya, vijiji vya Siaya na Bomet, ambako watafiti walikuwa wakifuatilia kaya zinazopokea pesa taslimu kutoka shirika la misaada la GiveDirectly tangu kabla ya janga. Korona ilipoingia, kaya hizo zilikuwa na njaa kidogo na maradhi kidogo kuliko zisizopokea, na watu wake walipunguza kutembeleana na kukusanyika. Tofauti hazikuwa kubwa, lakini mwelekeo wake unatosha kwangu: pesa ilifanya kazi ya chakula na ya kinga kwa pamoja.

Basi nikiitwa kesho kutoa ushauri kwa ugonjwa mwingine wa aina hii, ningeweka bei ya kukaa ndani kwenye ukurasa uleule wa amri. Mombasa ina watu takriban milioni 1.2. Tuseme kaya 100,000 zinaishi kwa mapato ya siku, na kila moja inahitaji shilingi 500 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 7,000 kwa kaya, milioni 700 kwa jumla, bila kuhesabu mtaji utakaoliwa. Kama pesa hiyo ipo na namba za simu zipo, tunaweza kujadili kuufunga mji kwa wiki mbili na watu watatii, kwa kuwa wataweza kutii. Kama haipo, hatua hiyo iondolewe mezani na tushike zile ambazo kaya inaweza kuzibeba: masoko yatandazwe viwanjani na saa zirefushwe, feri ziongezwe jioni, vipimo na karantini viwe bure, barakoa zigawiwe kwenye matatu, wazee wapelekewe dawa zao nyumbani. Orodha ya namba za simu za wachuuzi inaweza kuanza kuandikwa sasa, kwa kuwa kaunti tayari inawatoza ushuru wa soko kila siku na inajua kila mmoja anakaa kibanda gani.