Kabla hujaweka paneli ya kusimamia seva, angalia haya kwanza

Watu wengi wakitaka kuweka paneli (programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari, kama cPanel) swali lao la kwanza ni rami (RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi). Mi nakushauri uanze na mfumo endeshi, maana rami ikikubana utaongeza hata kesho, ila mfumo endeshi ukishaweka paneli juu yake, na tovuti za wateja, na maboksi yao ya barua pepe, kuubadilisha ni kazi ya kuhamisha kila kitu. Waliokuwa CentOS 8, mfumo endeshi wa Linux, wanajua, waliambiwa itapata masasisho hadi 2029, ikakatwa mwisho wa 2021. CentOS 7 nayo ikafungwa 30 Juni 2024 na bado nakutana na seva zinaendesha hiyo, inaniuma sana kwa sababu ni data za watu zimekaa mle bila viraka vya usalama. Kwa hiyo angalia tarehe ya mwisho kabla ya kitu chochote: kwenye mifumo mingine ya Linux, AlmaLinux 9 na Rocky 9 zinafika 2032, Ubuntu 24.04 inafika 2029 kwa msaada wa kawaida. Alafu hakikisha paneli yako inaikubali hiyo toleo kwa namba, sio kwa jina tu.

Na seva iwe mpya kabisa, usiweke Apache (ya kuhudumia tovuti) wala MySQL (databesi) mwenyewe kwanza, paneli itaweka yake. cPanel kwa mfano haina njia ya kuiondoa, ukikosea unafuta seva yote unaanza upya.

Prosesa idadi ya kore kwa kuanzia sio shida, mbili zinatosha, shida ni kizazi chake. AlmaLinux 9 na Rocky 9 zinataka x86-64-v2, yaani kiwango cha pili cha uwezo wa prosesa, ukiwa kwenye mashine pepe iliyowekewa prosesa aina ya kvm64 utaona inagoma kuwaka na kuandika "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2", watu wanadhani faili la ISO limeharibika wanalidownload tena na tena. Badilisha aina ya prosesa iwe host, yaani mashine pepe itumie prosesa ya chuma chenyewe kama ilivyo, basi imeisha. Ila Rocky 10 inataka v3, hapo kama chuma chenyewe ni cha zamani hakuna seting itakayokuokoa.

Sasa rami. Ukikuta paneli imeandika 2GB ujue hiyo ni ya paneli kuwaka, sio ya kazi. Ukiwasha ClamAV ya kukagua barua pepe inapakia orodha yake yote ya virusi kwenye rami, zaidi ya 1GB hivi hivi, na ikisasisha orodha inashika ya zamani na mpya kwa pamoja kwa muda, matumizi yanaruka karibu mara mbili. Rami ikiisha hapo ndo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inatafuta programu ya kuua na mara nyingi anayekufa ni databesi, tovuti zote chini, we unalaumu paneli. Kwa hiyo mi naanzia 4GB na swap (sehemu ya diski inayosaidia rami ikijaa) ya 2GB, na kama ni 2GB tu basi ClamAV naizima.

Diski chukua SSD, hilo halina mjadala, databesi kwenye diski ya kuzunguka inatesa. Ila kuna kitu kinasahaulika, inode, yaani nafasi ya kusajili faili, kila faili linakula moja. Ext4, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwa kawaida inatenga inode moja kwa kila 16KB, yani diski ya 40GB inapata kama milioni 2.6, zinaonekana nyingi lakini barua pepe kila moja ni faili na seshen za PHP kila moja ni faili, siku moja seva inakuambia "No space left on device" na amri ya df -h inaonyesha nusu ya diski iko wazi. Piga df -i utaona asilimia 100. XFS, mfumo mwingine wa faili, inaongeza inode kadri zinavyohitajika, kwa seva ya barua pepe nyingi mi naichukua hiyo.

Mwisho piga amri ya hostname -f, inayoonyesha jina la seva. Lazima irudishe jina kamili lenye domeni, na jina hilo lielekee kwenye anwani ya aipi (IP) isiyobadilika, kama bado rekebisha kwanza ndo uanze kuweka.