Mbwa wako hang'ati watu, sawa, ila paka wa jirani je?

Kuna maneno nayasikia karibu kila nikiletewa mnyama aliyeraruliwa na mbwa wa mtu, "dokta, huyu mbwa ni mpole jamani, hata watoto wanamlalia." Na mara nyingi mwenye mbwa hadanganyi. Mbwa kweli mpole, watoto wanamvuta masikio, mgeni akiingia anatingishiwa mkia, halafu mbwa huyohuyo saa nane usiku karuka ukuta kaua sungura wote wa jirani na hajala hata mmoja. Hapo watu wanaanza kusema kapata kichaa, wengine wanasema karogwa, na mwenye mbwa anakataa katakata kwamba sio wake.

Mimi ni daktari wa wanyama, nipo huku pembezoni mwa Dar kwenye viwanja vipya, na hali mnaijua, huyu ana ukuta na geti la umeme na ma-German Shepherd mawili, jirani yake ana fensi ya michongoma, mbuzi kadhaa, bata, kuku wa kienyeji na paka wa kufukuza panya. Kesi za namna hii haziishi. Ninachotaka kukisema ni kwamba upole wa mbwa kwa binadamu hauna uhusiano na atakachomfanya paka au mbuzi, na ukishika kwamba "wangu hang'ati" utachelewa kuchukua hatua mpaka siku unaitwa kwa mjumbe.

Mbwa anang'ata kwa sababu tofauti tofauti. Anaweza kung'ata kwa woga au kwa kulinda eneo lake, hapo utasikia anabweka, anaunguruma, manyoya ya mgongoni yanasimama, anatoa taarifa kwanza. Anaweza kupigana na mbwa mwenzie kwa ajili ya jike au chakula. Halafu kuna kuwinda, na kuwinda sio hasira kabisa. Macho yanakaza, anainama, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anatikisa. Kimya kimya, ndio maana mlinzi anakwambia hakusikia kitu. Na kwenye banda la kuku kila kuku anayepiga mabawa na kukimbia anaamsha upya ule mchezo wa kukimbiza, kwa hiyo anaenda anaua mmoja baada ya mwingine mpaka kutulie, njaa haihusiki, usije ukadhani ukimuongezea ugali na dagaa yataisha. Na hii habari ya kwamba "keshaonja damu" au nyama mbichi ndo inamharibu, sikubaliani nayo. Kinachomfundisha ni kwamba alikimbiza akapata, ilikuwa tamu, na kesho yake geti likaachwa wazi tena.

Sasa tunamtengeneza wenyewe. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka ya 12 au 14 ndo anajifunza nani ni wa kwetu na nani ni kitu cha kukimbiza. Akikutana na paka, kuku, mbuzi, watoto, bodaboda katika kipindi hicho, vinakuwa vitu vya kawaida kwake. Waangalieni mbwa wa Wamasai, wanazaliwa palepale bomani, wanashinda na mbuzi na ndama porini kutwa nzima na wala hawana habari nao. Sisi mjini tunafanya kinyume, mtoto wa mbwa anafungiwa kwenye banda lenye giza eti awe mkali, wengine wanampa pilipili, wengine bangi (ndio, bangi, naletewa), mchana hatoki, mtu anayemuona ni yule anayesukuma sahani ya chakula, halafu usiku anafunguliwa na geti lina uwazi chini wa kupita kichwa. Unategemea nini? Na wakiwa wawili watatu ndo balaa, mbwa ambaye peke yake angemkodolea macho tu mbuzi akasepa, akiwa na wenzake anaingia. Dume ambaye hajahasiwa akisikia harufu ya jike aliyeko kwenye joto mtaa wa tatu atapita popote, na njiani hukutana na mengi.

Nije kwenye kidonda, maana hapa ndo watu wanapoteza wanyama ambao wangepona.

Paka analetwa kwenye tenga, anatembea, mwenyewe anasema "katobolewa kidogo tu mgongoni." Ukitazama kweli, matundu mawili, ukubwa wa punje ya mchele. Nikinyoa manyoya napata mengine mawili upande wa pili. Nikimlaza kwa dawa ya usingizi nikaingiza kifaa kwenye tundu moja, kinateleza chini ya ngozi kutoka bega mpaka kwenye mbavu bila kizuizi chochote, kule chini nyama imeachana na ngozi, msuli umesagika, unakuta na nywele na mchanga vimeingizwa humohumo. Ngozi ya paka inavutika kama soksi, kwa hiyo jino linatoboa padogo, kisha mbwa anatikisa, na kinachochanika ni cha ndani. Mara nyingine mbavu imevunjika na hewa imeingia kifuani inabana mapafu, au ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo umepasuka na utumbo umepanda juu. Mnyama huyo anaweza kutembea nyumbani jioni na asubuhi ukamkuta amekufa. Na asipokufa siku hiyo, mdomo wa mbwa una bakteria wengi, siku ya pili au ya tatu kidonda kinavimba, kinanuka, homa inapanda.

Kwa hiyo angalia fizi zake. Zikiwa za pinki, ukibonyeza kwa kidole zikaenda nyeupe na rangi ikarudi ndani ya sekunde mbili, una muda wa kutafuta bajaji kwa utulivu. Zikiwa nyeupe au za bluu, au anahema kwa tumbo huku kafungua mdomo, kimbia. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, kijiko cha chai kisichojaa kwenye nusu lita, funika kwa kitambaa safi, basi. Oili chafu hapana. Majivu hapana, spiriti hapana. Ile spreyi ya bluu ya mifugo mnayoipenda inapaka rangi juu ya tundu tu, kule ndani haifiki, na inanipa kazi ya kutafuta matundu. Na tafadhali sana, paka USIMPE Panadol, hata robo kidonge. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anakufa kwa dawa wakati meno ya mbwa angeyapona. Diklofenaki na brufeni za nyumbani nazo usimpe mnyama yeyote, hata mbwa. Na ukiniona sijashona kidonda chote nikaacha uwazi au nimeweka mpira, sio uvivu, usaha lazima upate pa kutokea.

Wakati tukio lenyewe linaendelea usitie mkono katikati, wala usimvute paka aliyeko mdomoni, unamalizia kazi. Ndoo ya maji usoni kwa mbwa, au mtupie shuka kichwani. Mbwa kwa mbwa, mkiwa wawili kila mmoja adake miguu ya nyuma ya wake arudi nayo kinyumenyume. Ukigusa mdomo wa mbwa ukachubuka, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mbuzi kuna jambo la ziada. Akishang'atwa, mtu wa kwanza kufika anakuja na kisu, tuwahi kabla hajafa. Naelewa, kwa Waislamu Suratul Maida aya ya 3 imemtoa kwenye haramu mnyama aliyeshambuliwa na mnyama mwingine kama umewahi kumchinja angali hai, na hasara ya mbuzi mzima sio ndogo. Lakini ruhusa ya kuchinja haikwambii mbwa yule alikuwa na afya gani. Mbwa akiwa mgeni mtaani, anadondosha mate, anayumba, anang'ata hata mawe na magurudumu, mimi nashauri mbuzi yule asichinjwe na asiliwe, na hasa kichwa na shingo pasiguswe kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba, na karibu asilimia 99 ya watu wanaokipata wamekitoa kwa mbwa.

Na msimpige mbwa mawe mpaka kichwa kikapondeka. Kipimo kinafanyika kwenye ubongo, mkiusaga hatuna cha kupima. Kama anashikika afungiwe siku 10, akibaki mzima siku zote hizo basi siku ile ya kung'ata mate yake hayakuwa na virusi. Mnyama aliyeng'atwa akiwa na chanjo tunamrudishia chanjo haraka na kumwangalia, asipokuwa nayo ni miezi ya kumtenga, na hapo ndo watu wanagundua kadi ya chanjo ilikuwa na maana gani.

Tuje kwa nani analipa. Mimi sio mwanasheria, ila haya nimeyasikia mara nyingi mbele ya wenyeviti wa mitaa. Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu asiyechukua tahadhari kwa mnyama wake anayeweza kuleta hatari, ila hiyo ni hatari kwa binadamu, mbuzi wako hayumo humo. Kwa mali yako unadai fidia kama madai ya kawaida, na huku tumerithi sheria za Waingereza kupitia ile sheria inayosema zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920 zitumike kwetu, na humo kuna kanuni ya zamani kwamba mwenye mnyama anayejulikana kwa ukali anabeba madhara hata kama siku hiyo hakuzembea. Sasa jiulize lile bango la MBWA MKALI ulilobandika getini linasema nini. Wewe unadhani linakukinga, kumbe umeandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwamba ulikuwa unajua.

Najua upande wa pili nao una makosa, kuku anayelala kwenye mti barabarani na mbuzi wa kuzurura usiku wana mwenyewe pia, hilo lizungumzwe. Lakini kisiwe kisingizio cha mbwa kuwa nje ya geti. Na aliyeumiziwa asijibu kwa nyama yenye sumu. Sumu haichagui, anakula mbwa wa mtu mwingine kabisa, paka, kunguru, na kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 wewe mwenye haki unageuka mtuhumiwa. Hao nao naletewa, wanatetemeka na povu mdomoni, wengi hawafiki.

Ushauri wangu kwa mwenye mbwa, toa hela ya matibabu usiku uleule kabla ya kubishana mbwa ni wa nani, kwa sababu kidonda kikitibiwa siku ya kwanza ni gharama moja na kikija kimeoza ni nyingine, na mbuzi mwenye mimba akifa huwezi kumlipa kwa bei ya kilo buchani. Kaeni kwa mjumbe muandike: dawa mpaka nyuzi zitoke, nauli ya bajaji, ule uwazi wa chini ya geti uzibwe lini, dume lihasiwe lini, mbwa afunguliwe ndani ya ukuta tu. Wote msaini, mjumbe apige picha aitume kwenye grupu la mtaa. Na kadi ya chanjo ije mezani siku hiyo, usiseme ipo kwa shemeji Morogoro.