Yoga ni nini, na ina faida gani kwa mtu anayeshinda ameinama shambani?

Mwambie mtu wa Uyole, hapa Mbeya, afanye mazoezi, atakujibu papo hapo: "Nashinda shambani, mazoezi gani tena?" Shangazi yangu alinijibu hivyohivyo. Kazi yake ni kuchambua viazi. Anachuchumaa mbele ya rundo, anatenga vikubwa na vya mbegu, anainuka kushika pembe ya gunia la lumbesa, anarudi chini. Jioni akitaka kusimama, huweka kwanza mkono kiunoni, anasubiri kidogo, ndipo mgongo unyooke. Ananishinda nguvu mara mbili, lakini mgongo huo unamuuma mwaka wa ngapi sijui. Sasa kama kazi ni mazoezi, mbona mwili unaofanya kazi kiasi hicho unauma?

Sababu ni kwamba kazi huutumia mwili upande mmoja. Mchuma chai wa Mufindi anapeleka mikono mbele kutwa nzima, kapu likimvuta mgongoni. Fundi cherehani wa Mwanjelwa ameinamisha shingo tangu asubuhi. Dereva wa bodaboda amekunja nyonga, na baridi imempandisha mabega hadi masikioni. Misuli inayotumika kila saa hukakamaa, ile isiyotumika hulegea, na pumzi hubaki juujuu kifuani. Yoga hufanya kinyume cha hayo. Huupeleka mwili kule ambako kazi haiupeleki, polepole, na kila mwendo huenda na pumzi yake.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na mzizi wake una maana ya kufunga nira, kuunganisha. Watu wa Usangu wanaolima kwa maksai wataielewa maana hiyo haraka kuliko mtu yeyote. Nira hufunga ng'ombe wawili ili wavute plau kwa hatua moja; mmoja akitangulia, mfereji unapinda. Katika yoga vinavyofungwa nira ni mwili, pumzi na fikra. Mtu anayejinyoosha huku amebana pumzi na mawazo yake yako sokoni anajinyoosha tu. Hiyo ni kazi njema, lakini yoga yenyewe bado.

Mafunzo haya yana zaidi ya miaka 2,000, na mikao tunayoiona kwenye simu, ya watu waliojikunja kama kamba, ni sehemu ndogo yake. Mikao huitwa asana. Mazoezi ya pumzi huitwa pranayama. Kuna pia tafakuri, na kuna maadili ya kuishi na watu. Mwezi Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Kaskazini mwa ikweta hiyo ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Kwetu ni kinyume: mchana ni mfupi, na asubuhi ya Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo anayeanza msimu huo asikurupuke kitandani na kujikunja. Atembee kwanza uani, azungushe mabega, mwili upate joto.

Shangazi nilimwanzishia mkao mmoja, ule unaoitwa paka na ng'ombe. Tulitandika mkeka, tukakunja blanketi chini ya magoti kwa sababu sakafu ya saruji ni baridi na ngumu. Unapiga magoti, unaweka viganja chini, usawa wa mabega. Ukitoa pumzi, unausukuma mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, kidevu kikielekea kifuani. Ukivuta pumzi, unaliachia tumbo lishuke, unafungua kifua, unatazama mbele. Mara kumi, bila haraka. Mara ya kwanza alibana pumzi kama mtu anayejitwisha ndoo, uso ukaiva. Nikamwambia, "Shangazi, pumua." Akasema, "Mwanangu, nitapumua nikimaliza." Ilimchukua kama wiki nzima kuiachia pumzi iende na mgongo, na hapo ndipo alipoanza kuniambia kwamba anahisi tofauti.

Pumzi ina uzito huo kwa sababu ni karibu mlango pekee tulio nao wa kuyafikia mambo ambayo mwili huyaendesha wenyewe. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo. Pumzi unaweza kuiamuru. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika mazoezi ya pumzi ya polepole hushuka hadi kama mara 6. Unapovuta pumzi, kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka vizuri na tumbo hutoka nje. Unapotoa pumzi taratibu, neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Mwili unapata habari kwamba hatari imepita. Presha ya damu nayo hushuka kidogo kwa watu wengi wanaofanya hivi mara kwa mara. Nasema kidogo kwa makusudi: mwenye dawa za presha asiziache.

Faida za akili zinapita mlango huohuo. Mama mwenye marejesho ya kikundi siku ya Ijumaa, na mvua imemharibia maharage, hulala akihesabu fedha gizani. Mapigo yako juu, taya limekaza, usingizi hauji. Dakika kumi za kufuatilia pumzi hazilipi deni, lakini huupa mwili nafasi ya kushuka na kuipa akili kitu kimoja cha kushika badala ya ishirini. Tafiti zimeonyesha kuwa yoga hupunguza dalili za wasiwasi na sonona kwa kiasi fulani, na wengi hulala vizuri zaidi. Hata hivyo mtu aliyekata tamaa ya kuishi anahitaji daktari na ndugu wa kukaa naye siku hiyohiyo. Tusimwachie mkeka peke yake.

Kwa mgongo ushahidi ni wa kuridhisha. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo wa tiba ya maumivu sugu ya kiuno, na yoga ikawekwa miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge. Nafuu yenyewe ni ya wastani, hujitokeza baada ya wiki nyingi, na haionekani kuzidi sana ile ya mazoezi mengine mazuri ya mgongo. Mimi naipenda kwa sababu inahitaji mkeka tu, na mtu anaweza kuifanya kabla kuku hawajafunguliwa. Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi zinazokuacha unachechemea hadi Jumanne.

Wazee nawashauri mkao wa mti: kusimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja ukigusa ukuta. Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya kuufundisha mwili kusimama bila kuyumba walau siku 3 kwa wiki, ili wasianguke. Anayejua utelezi wa miteremko ya Tukuyu wakati wa mvua hahitaji maelezo zaidi.

Wapo wanaoniuliza kama hii ni dini, na ni swali la haki. Yoga imezaliwa ndani ya dini za India, na wapo wanaoifanya kama ibada hadi leo. Kujinyoosha na kupumua hakumlazimu mtu kutamka jina la mungu yeyote, na wengi hufanya sehemu hiyo tu. Ambaye dhamiri yake haitulii aache, atembee, ajinyooshe kwa jina jingine; mgongo wake utafaidika vilevile.

Mwenye presha ya macho au presha ya damu isiyodhibitiwa asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asijikunje mbele kwa kulazimisha. Mjamzito aulize kwanza kliniki. Maumivu yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, au mkojo kukushinda kuuzuia, ni ya kwenda hospitali, tena haraka.

Baada ya miezi mitatu hivi shangazi huinuka kwenye rundo bila kushika kiuno, isipokuwa siku za kupakia lori, ambazo bado zinamuumiza. Sehemu anayoipenda ni ya mwisho, shavasana: kulala chali, miguu wazi, viganja juu, bila kufanya lolote kwa dakika tano. Mwili hupoa upesi hapo, kwa hiyo jifunike blanketi. Ukimaliza usikurupuke. Geukia ubavu, sukuma sakafu kwa mkono, kichwa kiwe cha mwisho kupanda.